Siku Tatu za Kwanza Bangkok: Mwongozo Kamili kwa Msafiri Anayekwenda Peke Yake

Mgeni anayefika Bangkok kwa mara ya kwanza hukutana na mambo mengi kwa wakati mmoja: joto lenye unyevunyevu linalomlaki mlangoni mwa uwanja wa ndege, mabango yaliyoandikwa kwa herufi asizoweza kuzisoma hata moja, harufu ya vitunguu saumu na pilipili zinazokaangwa kando ya njia, pikipiki zinazopanda hadi kwenye njia za waenda kwa miguu, na reli inayopita juu ya vichwa vya watu huku maghorofa yakiziba mbingu pande zote mbili. Mtu aliyekulia Dar es Salaam au Mombasa hatasumbuliwa sana na jua wala jasho, na foleni ya magari si jambo geni kwake. Kinachomchosha ni kutojua mji unaanzia wapi, kwa kuwa Bangkok haina mahali pamoja ambapo mgeni anaweza kusimama na kusema kwamba hapa ndipo mjini. Mji wa kale wa wafalme uko kando ya mto, mtaa wa Wachina uko kusini yake, maduka makubwa yako Siam, ofisi za fedha ziko Silom, na hoteli nyingi zimejipanga kilomita baada ya kilomita kwenye barabara ya Sukhumvit.

Rai yangu, ambayo mwongozo huu wote umejengwa juu yake, ni kwamba anayesafiri peke yake asianze kuujua mji huu kwa barabara zake. Aanze na njia mbili zisizo na foleni, yaani reli na mto, na akishazizoea ndipo aende kwenye mahekalu, masoko na vichochoro. Hatua zifuatazo zimepangwa kwa mfuatano wa safari yenyewe, na mpangilio huo una sababu yake: mtu aliye peke yake hana mwenzake wa kumlindia begi wakati anauliza njia, hivyo kila jambo linalomalizwa mapema humpunguzia mzigo wa jambo linalofuata.

Hatua ya kwanza: nyaraka kabla ya kuondoka

Anza na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Thailand huwataka wasafiri wanaotoka katika nchi zilizoorodheshwa kuwa na ugonjwa huo, zikiwemo Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, waonyeshe cheti cha chanjo. Chanjo yenyewe inapaswa kuwa imechomwa angalau siku 10 kabla ya kufika, na mtu aliyewahi kuchanjwa na kupewa kadi halali hahitaji kurudia, kwa kuwa cheti hicho sasa hudumu maisha yote. Iweke kadi hiyo pamoja na pasipoti, wala usiiweke katika begi linalokwenda chini ya ndege, kwa sababu utaihitaji kabla hujaliona begi hilo tena.

Pili ni viza. Raia wa nchi nyingi za Afrika Mashariki huomba viza kabla ya safari, na maombi hayo hufanywa mtandaoni kupitia mfumo rasmi wa viza za kielektroniki wa serikali ya Thailand. Ubalozi wa Thailand ulioko Nairobi hushughulikia nchi kadhaa za ukanda wetu. Masharti hubadilika mara kwa mara, kwa hiyo yasome katika tovuti ya ubalozi wenyewe na usitegemee maneno ya mtu aliyesafiri zamani. Tatu, tangu tarehe 1 Mei 2025 kila mgeni anatakiwa kujaza kadi ya kuwasili ya kidijitali ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Kadi hiyo hujazwa bure katika tovuti ya idara ya uhamiaji, na tovuti yoyote inayokudai malipo kwa ajili yake si ya serikali.

Afisa wa uhamiaji anaweza kukuuliza utalala wapi, utaondoka lini, na una fedha kiasi gani. Kiwango kinachotajwa kwa mwenye viza ya utalii ni baht (fedha ya Thailand) 20,000 au thamani yake kwa fedha nyingine. Chapisha tiketi ya kurudi na uthibitisho wa hoteli kwenye karatasi. Simu huzima, na anayesafiri peke yake hana simu ya pili ya kuazima.

Beba dola za Marekani zilizo safi, zisizokunjwa wala kuandikwa, na ikiwezekana ziwe noti za 100, kwa kuwa maduka ya kubadilisha fedha Bangkok hutoa bei nzuri zaidi kwa noti kubwa kuliko kwa noti ndogo. Shilingi zetu usizitegemee huko. Chukua pia adapta ya umeme, maana soketi za Thailand hupokea plagi za miguu miwili na hazipokei plagi ya miguu mitatu ya bapa tunayoitumia sisi. Jambo la mwisho, ambalo wengi hulisahau, ni kuomba hoteli ikutumie anwani yake kwa maandishi ya Kithai, kisha uihifadhi kama picha katika simu. Madereva wengi hawasomi ramani iliyoandikwa kwa herufi za Kilatini, na jina la hoteli ukilitamka kwa lafudhi yako linaweza lisieleweke kabisa.

Hatua ya pili: kuchagua mahali pa kulala

Kanuni ni moja tu: lala mahali ambapo unaweza kutembea kwa miguu hadi kituo cha treni kwa muda usiozidi dakika kumi. Hoteli ya bei nafuu iliyo mbali na reli itakula kile ulichookoa, kwanza kwa nauli za teksi, kisha kwa saa utakazokaa ndani ya foleni.

Kwa anayefika mara ya kwanza napendelea eneo la Phaya Thai na Ratchathewi, kwa sababu treni ya uwanja wa ndege huishia Phaya Thai na hapohapo ndipo treni ya juu ya mjini hupita. Eneo hilo pia liko karibu na masoko ya nguo ya Pratunam. Nana, kwenye Sukhumvit, linafaa kwa Mwislamu anayetaka chakula halali mlangoni pake, au kwa anayekuja kutibiwa katika hospitali ya Bumrungrad iliyoko kichochoro namba 3 (Soi 3), ambayo wagonjwa wengi kutoka Omani na nchi nyingine za Ghuba wameizoea; ila ajue kwamba upande mwingine wa barabara hiyo kuna baa na biashara za usiku zenye kelele. Silom huwafaa wafanyabiashara. Khao San, mtaa maarufu wa vijana wenye mabegi ya mgongoni, una uchangamfu mwingi na vyumba vya bei ya chini, lakini hauna kituo cha treni, na kwa sababu hiyo siupendekezi kwa usiku wa kwanza.

Hatua ya tatu: saa ya kwanza uwanjani

Ndege za Kenya Airways kutoka Nairobi na za Ethiopian Airlines kutoka Addis Ababa hutua Suvarnabhumi, uwanja mkubwa uliofunguliwa mwaka 2006. Ukishuka, usifuate umati moja kwa moja hadi kwenye foleni ya uhamiaji. Tafuta kwanza dawati la udhibiti wa afya, lililoandikwa kwa Kiingereza Health Control, ukaguliwe kadi yako ya homa ya manjano. Asiyepita hapo hurudishwa na afisa wa uhamiaji baada ya kusimama kwenye foleni ndefu, na hulazimika kuianza upya.

Baada ya kupokea mzigo, utatokea ghorofa ya pili. Hapo kuna vibanda vya laini za simu. AIS na True ndizo kampuni kubwa, na utasajiliwa kwa pasipoti yako. Mwache mhudumu aiweke laini na akuhakikishie kwamba intaneti inafanya kazi kabla hujaondoka mezani pake. Kisha badilisha fedha kidogo tu, zinazotosha siku moja. Vibanda vilivyoko chini kabisa, karibu na lango la treni, kwa kawaida hutoa bei bora kuliko vile vya ukumbi wa kuwasili. Mashine za kutolea pesa zipo kila mahali, lakini hutoza kadi ya kigeni takriban baht 220 kwa kila mara, kwa hiyo ni afadhali kutoa kiasi kikubwa mara moja. Na mashine ikikuuliza kama ikufanyie hesabu kwa fedha ya nchi yako, kataa, uiachie benki yako ifanye hesabu hiyo.

Kutoka uwanjani una njia mbili za kuaminika. Ya kwanza ni treni, inayoanzia ghorofa ya chini ya ardhi na kufika Phaya Thai kwa nusu saa hivi kwa nauli isiyozidi baht 45. Ukinunua tiketi utapewa sarafu ya plastiki: iguse kwenye lango unapoingia, itumbukize unapotoka. Ya pili ni teksi ya mita, inayopatikana ghorofa ya kwanza. Pale kuna mashine zinazotoa karatasi yenye namba ya maegesho, nawe huenda kwenye namba hiyo na kumkuta dereva wako. Mita huanza kwa baht 35, huongezwa baht 50 za huduma ya uwanja, na abiria ndiye hulipa tozo za barabara ya juu. Itunze ile karatasi, kwa kuwa ndiyo ushahidi wako iwapo kutatokea mgogoro au ukisahau kitu garini. Anayekufuata ndani ya ukumbi akikutajia bei ya mkupuo, mshukuru na uendelee na safari yako.

Hatua ya nne: jioni ya kwanza

Usiende popote mbali. Bangkok iko mbele ya saa za Afrika Mashariki kwa saa nne, na mwili uliokaa ndani ya ndege usiku kucha hauwezi kuamua mambo vizuri. Oga, kisha utoke kutembea katika mtaa wako tu, kwa lengo la kuujua kwa macho: duka la saa 24 liko wapi, daraja la kuvukia barabara liko wapi, kituo cha treni kina milango mingapi, na wewe upo upande upi.

Mpangilio wa mitaa ni rahisi ukishaelezwa. Barabara kuu ina jina, na vichochoro vinavyochipuka kutoka kwake, viitwavyo soi, vina namba. Namba witiri ziko upande mmoja na namba shufwa upande wa pili. Lakini namba za pande hizo mbili hazilingani, kwa kuwa upande mmoja unaweza kuwa na vichochoro vingi kuliko mwingine. Ndiyo maana kwenye Sukhumvit mtu husimama Soi 21 akaitazama Soi 16 iliyo karibu naye ng'ambo ya barabara. Vichochoro vingi havina njia ya kutokea upande wa pili, kwa hiyo usijaribu kukatiza.

Duka la 7-Eleven litakuwa rafiki yako. Liko karibu kila kona, lina kiyoyozi, na huuza maji, chakula cha kupashwa moto, dawa ndogondogo na mwavuli. Maji ya bomba hayanywewi na wageni. Nunua chupa kubwa uiweke chumbani. Ukisoma tarehe kwenye bidhaa usishtuke, kwa kuwa Thailand hutumia kalenda ya Kibudha, iliyo mbele ya yetu kwa miaka 543, na mwaka 2026 huandikwa 2569.

Kwa chakula cha jioni hiyo keti kwenye meza ya plastiki iliyo karibu na hoteli, mahali ambapo wenyeji wamejaa, na uagize kwa kuonyesha kidole. Kwetu mtu anayekula peke yake hadharani huweza kuonekana ana huzuni au uchoyo, na msafiri mwingine hujifungia chumbani kwa aibu hiyo. Bangkok haina mtazamo huo. Wafanyakazi wengi hula peke yao wakirudi nyumbani, na hakuna atakayekutazama mara mbili. Kabla ya kulala wapigie wa nyumbani. Saa mbili usiku ya Bangkok ni saa kumi jioni ya Afrika Mashariki, wakati mzuri wa kumkuta mama au mwenzi wako akiwa na nafasi.

Hatua ya tano: siku ya kwanza kamili, mzunguko wa reli na mto

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote, na ninamsihi msomaji asiiruke hata kama ana hamu ya kwenda moja kwa moja kwenye kasri. Lengo la siku hii ni kuuzunguka mji mara moja bila kuingia kwenye gari lolote, ili picha yake ijipange kichwani.

Ondoka baada ya saa tatu asubuhi, msongamano wa wafanyakazi ukishapungua. Panda treni ya juu, ambayo wenyeji na wageni huiita BTS. Ilianza kazi tarehe 5 Desemba 1999, na njia zake mbili kuu hukutana Siam, kituo chenye majukwaa ya ghorofa mbili. Ni marufuku kula na kunywa ndani yake, na abiria hupanga foleni kufuata mishale iliyochorwa sakafuni, wakiwaacha wanaoshuka watoke kwanza. Kiyoyozi chake ni kikali, hivyo shati la mikono mirefu au mtandio mwepesi utakufaa. Shuka Siam dakika chache tu, utazame chini kwenye makutano ya barabara, uone magari yalivyosimama wakati wewe unakwenda. Kisha panda njia ya Silom hadi Saphan Taksin.

Saphan Taksin ndipo reli inapokutana na mto Chao Phraya. Ngazi za kituo hukuteremsha hadi gati la Sathorn, ambalo ni gati kuu la mabasi ya majini. Wauzaji wa safari za boti za kukodi watakuita, na boti ya watalii iliyo ghali zaidi itatangazwa kwa sauti kubwa, lakini wewe ulizia boti yenye bendera ya rangi ya chungwa inayokwenda kaskazini. Nauli yake ni baht 16 kwa umbali wowote. Kondakta hupita katikati ya abiria akitikisa mkebe mrefu wa chuma wenye sarafu, nawe humlipa humo humo chomboni. Boti husimama gatini kwa sekunde chache tu, kwa hiyo sogea mlangoni mapema na ushike kitu. Nafasi zilizotengwa kwa watawa wa Kibudha ziache, hata zikiwa tupu.

Mtu wa pwani atauelewa mji huu kutoka majini haraka kuliko kutoka mahali pengine popote. Wakati mfalme Rama wa Kwanza alipouanzisha mji mkuu mwaka 1782 katika kingo ya mashariki, mto na mifereji ndivyo vilivyokuwa barabara, na majengo makubwa ya zamani, yakiwemo maghala, makanisa, misikiti na mahekalu, bado yameelekeza nyuso zake mtoni. Utapita Ratchawong, lango la mtaa wa Wachina, kisha upande wa kushoto utaona mnara wa hekalu la Wat Arun uliopambwa kwa vipande vya vyombo vya kauri. Shuka gati la Tha Tien, na kama una nguvu vuka kwa kivuko kidogo kwenda kuuona mnara huo kwa karibu.

Usirudi kwa boti. Kutoka Tha Tien tembea hadi Sanam Chai, kituo cha treni ya chini ya ardhi iitwayo MRT kilichofunguliwa mwaka 2019, ambacho ndani yake kimepambwa kwa nguzo na dari za mtindo wa kumbi za kifalme. Treni ya chini na treni ya juu ni mifumo miwili tofauti, na tiketi ya moja haifai kwenye nyingine. Lakini kwenye MRT unaweza kugusisha kadi ya benki ya Visa au Mastercard langoni badala ya kununua tiketi. Panda hadi Si Lom, toka juu uingie kituo cha Sala Daeng, na hapo umerudi kwenye treni ya juu. Mzunguko umefungwa.

Kabla ya kurudi hotelini pumzika katika bustani ya Lumphini, iliyo hatua chache kutoka hapo. Kuna kenge wakubwa wanaoogelea ziwani na kutambaa kwenye majani, hawamdhuru anayewaacha. Ikigonga saa kumi na mbili jioni wimbo wa taifa hupigwa kwa vipaza sauti, kama unavyopigwa saa mbili asubuhi, na watu wote husimama tuli, hata waliokuwa wakikimbia mazoezi. Nawe simama.

Hatua ya sita: siku ya pili, kasri na watu wa mlangoni

Kasri Kuu hufunguliwa saa mbili na nusu asubuhi na hufunga mauzo ya tiketi saa tisa na nusu alasiri. Tiketi ya mgeni ni baht 500. Fika mapema, kabla ya jua kali na mabasi ya watalii, ukiwa umefunika mabega na magoti. Kaptula, fulana zisizo na mikono na nguo za kuonyesha mwili hukataliwa langoni. Ndani yake kuna hekalu la Buddha wa Zumaridi, sanamu ndogo yenye kimo cha sentimita 66 hivi iliyochongwa katika jiwe la jade, na mfalme ndiye huibadilisha mavazi mara tatu kwa mwaka kufuata majira. Hekalu la Wat Pho, lililo kusini ya kasri, ina Buddha aliyelala mwenye urefu wa mita 46. Mimi humshauri mgeni akae muda mrefu Wat Pho kuliko kasrini, kwa sababu nyua zake ni tulivu na kuna kivuli.

Sasa lisome kwa makini jambo hili, kwa kuwa linamlenga hasa mtu aliye peke yake. Nje ya kasri, mtu nadhifu mwenye Kiingereza kizuri anaweza kukujia na kukuambia kwamba leo pamefungwa kwa sababu ya ibada, au kwamba wageni wataruhusiwa mchana. Atakuelekeza kwenye hekalu jingine, na bajaji itakuwa tayari kukupeleka kwa baht 20 au 40. Safari hiyo huishia kwenye duka la vito au la mshonaji wa suti, ambapo utashawishiwa kununua kwa bei ya juu kitu kisicho na thamani hiyo. Ulaghai huu ni wa miaka mingi na bado unafanya kazi, maana mtu asiye na mwenzake wa kushauriana naye huona haya kumkatalia aliyemsemesha kwa upole. Jibu ni kutembea hadi kwenye dirisha la tiketi na kujionea mwenyewe. Mwenyeji wa kweli wa Bangkok ni mkarimu sana ukimuuliza. Kuwa na tahadhari na yule anayekuanza wewe karibu na mlango wa kivutio.

Ukatae pia vito kwa ujumla katika safari hii ya kwanza. Bangkok ni miongoni mwa masoko makubwa ya vito vya rangi duniani, na tanzanite ya Mererani huuzwa na kukatwa katika ofisi za Silom na Mahesak, ndiyo maana wafanyabiashara wetu huenda huko. Lakini hiyo ni biashara ya watu wenye ujuzi, mizani na vyeti vya maabara. Duka unalopelekwa na bajaji halimo katika biashara hiyo.

Hatua ya saba: kula vizuri bila woga

Sahani ya barabarani hugharimu kwa kawaida kati ya baht 50 na 80. Mgeni kutoka kwetu ataanza vizuri na khao man kai, wali uliopikwa kwa supu ya kuku na kuliwa na kuku wa kuchemsha, kwa kuwa hauna pilipili isipokuwa ile ya bakuli la pembeni. Baadaye ajaribu som tam, kachumbari ya papai bichi linalotwangwa kwenye kinu mbele yake, na maembe kwa wali wa nazi, ambao mtu wa Tanga au Lamu ataujua ladha yake tangu tonge la kwanza. Sema "mai phet" ukitaka kisicho na pilipili, ingawa hata hivyo kitakuwa nayo kidogo. Chagua kibanda chenye foleni na moto mkali, na kitoweo kinachopikwa ukikiona.

Nyama ya nguruwe iko katika vyakula vingi, pamoja na mafuta na supu yake, kwa hiyo Mwislamu asitosheke na kuagiza kuku. Atafute alama ya halali yenye maandishi ya Kiarabu iliyobandikwa kibandani, au aende mahali panapojulikana: Soi 7 ya barabara ya Phetchaburi, karibu na kituo cha Ratchathewi, yenye msikiti wa Darul Aman na vibanda vya Waislamu wa Kithai, au Soi 3/1 ya Sukhumvit, mtaa wa Waarabu, ambako kuna mikahawa ya Kiarabu na watu kutoka pande zote za Bahari ya Hindi.

Hatua ya nane: siku ya tatu, barabara na masoko

Sasa unaweza kuikabili barabara. Magari hupita kushoto kama kwetu, jambo linalosaidia, lakini usitegemee mistari ya pundamilia. Tumia madaraja ya juu, na hata kwenye njia ya waenda kwa miguu tazama nyuma kabla ya kubadili upande. Teksi ya mita ikikataa kuwasha mita, fungua mlango ushuke na usimamishe nyingine. Programu za kuita gari za Grab na Bolt hufanya kazi vizuri, na aliyekwisha kutumia Bolt Nairobi au Dar es Salaam hatahitaji mafunzo. Bodaboda rasmi huvaa vizibao vya rangi ya chungwa na hukaa kwenye vinywa vya vichochoro. Zinafaa kwa mwendo mfupi kutoka stesheni hadi ndani ya soi, na ni haki yako kudai kofia ngumu. Epuka magari kabisa kati ya saa kumi na moja jioni na saa mbili usiku, hasa mvua inaponyesha, jambo la kawaida kuanzia Mei hadi Oktoba.

Pratunam ndipo wanunuzi wa nguo kutoka Afrika hukusanyika, na jengo la Platinum lina maduka mengi yanayoshusha bei ukinunua vipande kadhaa badala ya kimoja. Uliza bei zote mbili kabla ya kuchagua. Soko la Chatuchak, lenye vibanda zaidi ya 15,000, huwa wazi kikamilifu Jumamosi na Jumapili. Fika asubuhi kwa treni hadi Mo Chit au Kamphaeng Phet, na ukiona kitu unachokipenda kinunue hapohapo, kwa sababu kukipata tena kibanda kilekile ni kazi ngumu.

Ukipanga kukutana na mtu yeyote, andikeni saa kwa tarakimu za saa 24. Wathai wana hesabu ya jadi inayofanana na yetu kwa sehemu: saa moja usiku kwao pia ni ya kwanza ya usiku, na saa mbili ni ya pili. Lakini mchana hesabu hiyo huachana na ya Kiswahili, na mkanganyiko huanzia hapo.

Adabu, sheria na dharura

Salimia kwa kuinamisha kichwa kidogo, viganja vikiwa vimekutana kifuani, hasa unaposalimiwa hivyo na mtu mzima. Vua viatu mahali unapoona viatu vimevuliwa. Usimguse mtu kichwani, usielekeze nyayo zako kwa mtu wala kwa sanamu, na mwanamke asimguse mtawa wala kumkabidhi kitu mkononi moja kwa moja. Usipandishe sauti unapodai haki yako. Mtu anayefoka hupoteza heshima, na baada ya hapo hakuna anayemsaidia.

Kumkashifu mfalme au familia yake ni kosa chini ya kifungu cha 112 cha sheria ya jinai, na adhabu yake ni kifungo cha miaka 3 hadi 15 kwa kila kosa. Hii inahusu pia maneno ya mtandaoni, na noti yenye sura ya mfalme haikanyagwi hata ikipeperushwa na upepo. Sigara za kielektroniki ni marufuku. Dawa za kulevya usizikaribie, wala usimbebee mtu yeyote mzigo, hata awe ndugu wa nchi moja uliyemzoea hotelini. Kukaa zaidi ya muda ulioruhusiwa hutozwa baht 500 kwa kila siku. Tembea na nakala ya pasipoti yenye muhuri wa kuingia, kwa kuwa polisi wanaweza kuiomba, hasa nyakati za usiku.

Hifadhi namba tatu katika simu: 1155 ya polisi wa utalii, wanaozungumza Kiingereza, 191 ya polisi wa kawaida, na 1669 ya gari la wagonjwa. Bima ya safari inunuliwe nyumbani, maana hospitali binafsi za Bangkok ni nzuri na hudai malipo yanayolingana na uzuri huo.

Siku ya kuondoka, aliyenunua bidhaa za baht 2,000 au zaidi katika duka moja kwa siku moja, kwenye maduka yanayoshiriki mpango huo, anaweza kurudishiwa kodi ya ongezeko la thamani, mradi aliomba fomu dukani akiwa na pasipoti. Fika uwanjani ikiwa imebaki saa tatu na nusu kabla ya ndege kuondoka, na kama bidhaa zako zinatakiwa kukaguliwa, upitie dawati la forodha kabla ya kukabidhi mabegi, kwa sababu afisa anaweza kutaka kuziona bidhaa zenyewe. Fedha utazichukua baada ya kupita uhamiaji, kwenye kaunta iliyo upande wa ndani.